Madam Aliyekataa Kuandika Sifuri

Siku niliyomwona mara ya kwanza alikuwa amesimama juu ya kiti katika ofisi ya walimu, akicheka mpaka machozi yanamtoka, akiwasomea wenzake barua. Barua yenyewe ilikuwa imeandikwa na mtoro mmoja wa darasa la tano, akijifanya mzazi: "Kwa mwalimu mpendwa. Mtoto wangu hakuja shule jana kwa sababu aliumwa na tumbo sana. Ni mimi mama yangu."

"Ni mimi mama yangu!" alirudia, akajishika mbavu. "Bana, huyu mtoto ana akili. Kesho aje anieleze vile mtu anajizaa."

Mimi nilikuwa nimewasili asubuhi hiyo kutoka Kitale, na barua yangu ya kuajiriwa ikiwa bado kwenye bahasha. Shule ilikuwa nje kidogo ya Kanduyi. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa ya bure si zamani, na madarasa yalikuwa yamefurika mpaka watoto wengine wanakaa dirishani. Yeye alikuwa naibu wa mwalimu mkuu, na pia mwalimu wa darasa la nane. Lakini watoto, wazazi, wauza miwa, hata askari wa kituo cha karibu, wote walimwita Madam Rejista. Jina lake la kweli nilikuja kuliona kwenye karatasi muda mrefu baadaye, likanishangaza, kana kwamba ni la mtu mwingine.

Kwa asiyejua, rejista ni lile daftari refu lenye majina ya darasa zima. Mtoto akija asubuhi anapigiwa mstari mmoja, akirudi mchana anapigiwa wa pili. Asiyekuja anaandikiwa sifuri kwa wino mwekundu. Ni kazi ya dakika kumi, na walimu wengi tuliichukia kuliko kusahihisha insha. Madam yeye aliipenda vile watu wengine wanavyopenda redio. Na alikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa na wizara yoyote: hakuandika sifuri mpaka aende kuona. Mtoto asipokuja, kisanduku chake kilibaki cheupe. Jioni, kengele ikilia, Madam alikunja sketi yake, akapanda baiskeli nyeusi ya kiume iliyokuwa na kengele ya kupasua masikio, akaenda mpaka nyumbani kwa huyo mtoto. Akishajua sababu, basi, hapo ndipo sifuri iliandikwa, na pembeni maelezo kwa herufi ndogo ndogo.

"Sifuri si jibu," aliniambia. "Sifuri ni swali. Sasa wewe utauliza swali halafu uende kulala?"

Nililijua hilo kwa njia ya aibu. Wiki yangu ya pili nilikaa na chai yangu ofisini, nikapigia darasa langu lote la nne mistari bila hata kufika darasani. Watoto themanini! Nani angejua? Madam akapita nyuma yangu, akaweka kidole kwenye jina moja.

"Huyu yuko?"

"Yuko, Madam."

"Umemwona?"

"Nimemwona."

"Haya, twende unionyeshe."

Hakunipeleka darasani. Alinipandisha nyuma ya baiskeli, mimi na viatu vyangu vya kisigino, tukaenda moja kwa moja hadi hospitali mjini. Katika wodi ya watoto nilimkuta mwanafunzi wangu amelala, mguu umefungwa plasta, kwa sababu siku mbili nyuma alikuwa ameanguka kutoka kwenye mpera. Nilitamani ardhi ipasuke. Madam akaketi ukingoni mwa kitanda na uso mzito kabisa.

"Mwalimu wako anasema leo asubuhi ulikuwa darasani. Sasa tuambie, umejifunza nini?"

Yule msichana alinitazama, akamtazama Madam, akafikiri kidogo.

"Sehemu, Madam," akasema. "Robo na nusu."

Wodi nzima ilicheka. Nesi alilazimika kuweka trei yake chini. Mimi pia nilicheka, nikalia kidogo, na tangu siku hiyo sijawahi kupiga mstari bila kuona uso.

Visingizio vya utoro alivijua kama mpishi anavyojua viungo. Kulikuwa na malaria ya Jumatatu, ambayo huanza Jumapili jioni na kupona saa nne asubuhi kengele ya mapumziko ikilia. Kulikuwa na harusi ya mjomba. Kulikuwa na viatu vilivyoliwa na mbwa, hata kwa watoto ambao sote tulijua hawajawahi kuvaa viatu. Na kulikuwa na matanga. Mvulana mmoja wa darasa la sita alimuua shangazi yake mara tatu katika muhula mmoja. Mara ya tatu ilimtosha Madam. Alinunua kilo mbili za sukari na mkate, akajifunga leso, akaniambia nimsindikize tukatoe pole.

Tulibisha hodi. Mlango ukafunguliwa na mwanamke mnene mwenye afya, mikono imejaa unga.

"Karibuni, walimu," alisema. "Kuna nini?"

"Tumekuja matanga," Madam akasema.

"Ya nani?"

"Yako."

Yule mama alijitazama kuanzia mikono yenye unga hadi miguuni. Kisha akageuka polepole na kuangalia nyuma ya nyumba, ambako tulisikia miguu ya mtu ikikimbilia mahindini. Tulikunywa chai kwa ile sukari ya matanga, marehemu mwenyewe akituhudumia, na tulipoondoka alikuwa bado anajipapasa mashavu na kusema, "Mara tatu, jameni! Hata ugonjwa hajaniambia ni upi!"

Madam hakuwahi kumpiga mtoto. Kiboko kilikuwa kimepigwa marufuku, ingawa walimu wengine walikuwa wamekificha tu nyuma ya kabati. Adhabu ya Madam ilikuwa moja: mtoro asimame mbele ya darasa aeleze, bila kuruka kitu, alichokiona siku aliyokosa kuja. Alidhani wataona haya. Kumbe!

"Madam, mimi nilikuwa Misikhu," alianza msichana mmoja aliyekuwa amekwenda kumsaidia mama yake sokoni. "Si kuna lori ilianguka, imejaa nyanya. Ati nyanya ikajaa barabara yote, nyekundu, watu wanateleza tu. Mzee moja alikuwa na suti ya kanisa. Akateleza. Akaamka. Akateleza tena. Mbuzi nayo inakula ikiangalia yeye."

Darasa lilipiga meza kwa furaha. Baada ya wiki tatu hivi, mimi niliyekuwa nikifundisha Kiswahili niligundua kwamba insha bora zote zinaandikwa na watoro, na Madam akagundua jambo baya zaidi: watoto waliokuwa hawajawahi kukosa hata siku moja walianza kutoroka ili nao wapate hadithi. Ilibidi abadilishe sheria upesi. Kuanzia hapo, mwenye kusimulia alikuwa yule aliyekuja siku zote tano. Utoro ulishuka, lakini hadithi zilipungua ladha, naye alikiri hivyo waziwazi, kwa masikitiko.

Nisimfanye malaika. Mwanamke huyo aliyewafuata watoto mpaka kwenye mashamba ya miwa alikuwa mchelewaji mkubwa kuliko wote niliowajua. Saa yake ya mkono ilikuwa nyuma dakika ishirini, na alikataa kuirekebisha kwa sababu, alisema, ilikuwa zawadi. Kwenye mikutano ya walimu alifika wakati wa sala ya kufunga. Kanisani naye alikuwa wa msimu. Jumapili moja mchungaji alimtuma mzee wa kanisa kwenda kumuuliza mbona hajaonekana mwezi mzima, na Madam, aliyewahi kuingia nyumba za watu bila kuitwa pengine mara elfu, alikimbia akajificha nyuma ya ghala la mahindi. Aliniambia mwenyewe.

"Lakini, Madam," nikasema, "si ndivyo wewe unafanyia watoto?"

"Hapo sasa," alijibu, bila haya hata chembe. "Ndio maana najua mahali wanajificha."

Mwalimu mkuu wetu, mtu mpole aliyependa vitabu viwe safi, aliteseka sana na yale maelezo ya pembeni. Rejista ya darasa la nane ilikuwa imejaa: *Yuko kwa miwa. Anaogopa hesabu. Baba amerudi, wanasherehekea. Ana jipu, nimeliona, ni la kweli.* Siku moja mkaguzi wa elimu alifika bila taarifa, akaomba rejista zote, akafika kwa ile ya Madam, na mwalimu mkuu akaanza kutokwa jasho. Mkaguzi alikaa nayo chini ya saa ya ukutani kwa muda mrefu. Chai yake ikapoa. Hatimaye akainua kichwa.

"Hii ni kinyume cha utaratibu," alisema. "Rejista haiandikwi hadithi."

"Ndiyo, bwana," akasema mwalimu mkuu.

Mkaguzi akafungua tena, akamgeukia Madam. "Huyu wa Februari, ambaye ng'ombe wao alipotea. Alipatikana?"

"Mtoto ama ng'ombe?"

"Wote."

"Mtoto alipatikana Jumatano. Ng'ombe Ijumaa."

"Vizuri," akasema mkaguzi, na nilimwona akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo.

Kulikuwa na pacha wawili wa darasa la pili ambao kwa muda walitushinda sote. Mmoja alikuja asubuhi, mwingine mchana, kila mmoja akiitikia majina yote mawili kwa sauti mbili tofauti. Madam aliwakamata kwa sababu wa asubuhi aliandika kwa mkono wa kushoto na wa mchana kwa wa kulia. Alipowafuata nyumbani alimkuta bibi yao, kukhu wao, asiyeona kabisa, na hakuna mtu mwingine wa kukaa naye. Nilimsubiri arudi akicheka. Hakurudi akicheka. Aliingia ofisini, akakaa kitako, akasema, "Hao watoto wamegawana shule kama mkate." Kesho yake alikwenda na baiskeli, akarudi akiikokota, kukhu ameketi nyuma amejishika kwa heshima kama mkuu wa wilaya. Akapewa kiti karibu na jiko la shule, achague maharagwe kwa vidole. Alikuwa hodari kuliko wapishi wenye macho; jiwe halikumpita. Muda si muda akajua majina ya darasa la pili lote kwa mpangilio, na mtoto akikosa kuitikia alipiga kelele kutoka jikoni: "Huyo wa kumi na tisa ako wapi?"

Lakini habari ninayoisimulia zaidi ni ya Nekesa, na naisimulia ingawa inaniaibisha, kwa sababu inahusu ukoo wangu.

Nekesa alikuwa darasa la nane, miaka kumi na minne, mtulivu, mwenye hesabu kali. Muhula wa tatu ulipofunguliwa hakuja. Mtihani wa taifa ulikuwa umebaki wiki chache. Madam alikwenda kwao siku ile ile. Mama yake akasema ameenda kumwona dada yake. Akaenda tena, akaambiwa ameenda kwa mjomba. Siku kumi na tisa za shule zilipita, na visanduku kumi na tisa mbele ya jina la Nekesa vikabaki vyeupe. Mwalimu mkuu alimsihi aandike sifuri, majina ya watoro yapelekwe ofisi ya elimu kama inavyotakiwa, mambo yaishe.

"Nikiandika, nimekubali," Madam alisema. Ndiyo mara ya pekee niliyomsikia akimjibu mwalimu mkuu kwa ukali.

Siku ya ishirini, Ijumaa jioni, tulikwenda pamoja, na mama yake Nekesa akachoka kudanganya. Alikaa kwenye kigogo nje ya nyumba, akalia. "Mwarimu, nimempereka kazi. Kitare. Kuna mama anauza mahindi, nyuma ya kinu cha unga, geti ya buruu. Wadogo wake ni wanne. Ningefanya nini?"

Madam hakumgombeza. Alimwambia tu, "Mimi nitamleta. Wewe uje shuleni tuongee juu ya hao wanne." Halafu akanigeukia. "Si wewe ni wa Kitale? Kesho Jumamosi tunaenda."

Niliikubali safari kwa furaha, nikidhani nitamtembeza mji wetu. Tulifika, tukakata nyuma ya kinu, na nilipoiona geti ya buluu nilisimama. Ile geti niliijua. Niliipaka rangi mimi mwenyewe likizo moja nikiwa msichana. Ilikuwa ya shangazi yangu, dada yake baba, mwenyekiti wa akina mama kanisani.

"Madam," nilinong'ona, "hapa ni kwetu."

Alinitazama, akaitazama geti. "Basi usibishe wewe," akasema. "Nitabisha mimi."

Shangazi alitoka, akanikumbatia, kisha akasikia shida yetu na uso ukafunga. "Hapa hakuna mtoto wa shure," alisema. Sisi wa Kitale nasi, kama watu wa Bungoma, hiyo L hutupotea. "Niko na msichana wa kazi, ndio, rakini huyo ni mtu mzima. Niriereziwa amemariza shure zamani."

"Sawa, mama," Madam akasema kwa upole. "Sitaingia kwako. Naomba tu nifanye kazi yangu hapa nje."

Akatoa rejista kwenye mfuko. Akaifungua juu ya nguzo ya geti. Akasafisha koo, na kwa ile sauti iliyojulikana kutoka Kanduyi hadi mjini, akaanza kuita darasa la nane, jina moja baada ya jingine, akitulia kila baada ya jina kana kwamba anasubiri jibu. Majirani walitoka. Mwenye kinu alizima mashine asikie vizuri. Watoto watatu wa shangazi walikuja wakapanga mstari, na wa mwisho, ambaye hakuwa ameanza hata nasari, akawa anajibu "Presenti!" kwa kila jina. Mimi nilikuwa nimeshika uso kwa mikono yote miwili. Sikujua kama nacheka au nalia.

"Nekesa!"

Jikoni sufuria ikaanguka kwa kishindo.

"Present, Madam!"

Alitoka mbio, aproni imemfunika mpaka miguuni, povu la sabuni limemfika viwikoni, akasimama wima mbele ya geti, mikono nyuma, kama yuko gwaride. Halafu akatambua alichofanya, akaziba mdomo. Watu walipiga makofi. Shangazi alimwangalia huyo "mtu mzima" wake, akaangalia ile aproni, na nadhani ndiyo mara ya kwanza alimwona.

"Una miaka mingapi, wewe?"

"Kumi na nne."

"Uui," shangazi akasema, akakaa chini kwenye ngazi.

Hakukuwa na ugomvi. Shangazi aliingia ndani, akarudi na sweta yake mwenyewe, akamvisha Nekesa, akasema kitu kimoja tu, bila kunitazama: "Usiambie baba yako." Madam naye alikuwa ameshakunja mikono ya blauzi. Aliingia jikoni, akaosha vyombo vyote vilivyokuwa vimebaki, akapangusa meza na kuning'iniza kitambaa. Alisema hataki mwanafunzi wake aache kazi katikati.

Jumatatu, mbele ya darasa zima, alimwita Nekesa mezani, akafungua kalamu nyekundu, akaandika sifuri ishirini mfululizo, nzuri, za duara, akifurahia kila moja. "Sasa naweza kusema hukuwepo," alimwambia. Nekesa alifanya mtihani, akapata nafasi ya sekondari ya bweni, na leo anafanya kazi katika maabara ya hospitali. Shangazi alianza kumtumia kalamu na sabuni kila muhula, akipitisha kwa mkono wangu, na kila mara akiniuliza kama baba anajua.

Mimi nilihamishiwa Kitale baadaye, na Madam akastaafu. Tulipotezana. Halafu mwaka mmoja, nikiwa nami ni naibu wa mwalimu mkuu, nilitumwa Bungoma kwenye semina ya walimu. Wakati wa chai nilisikia kelele kutoka uwanja wa Kanduyi, nikatoka kidogo kuchungulia. Zilikuwa riadha za shule za msingi. Na pale kwenye kamba, akiwa na kofia pana na mfuko wa njugu, alikuwa amesimama yeye.

"Sasa, mwalimu!" alipaaza sauti, kama tuliachana jana. Alikuwa amekonda, nywele nyeupe kabisa.

"Madam! Unafanya nini huku?"

Aliangalia huku na huku, akanisogelea. "Watoto wangu wameniandikisha masomo ya kompyuta, hapo mjini. Kila Jumanne na Alhamisi."

"Leo si Alhamisi?"

"Ni Alhamisi," alisema, akanimiminia njugu mkononi. "Hiyo kitu inanitazama tu. Na wewe, si mko semina?"

"Tuko mapumziko ya chai."

"Yanaisha saa ngapi?"

Nilitazama saa. Yalikuwa yameisha. Nilikula njugu.

Mbio za kupokezana za wasichana zilikuwa zinaanza. Msichana mmoja mdogo, miguu mitupu, alipokea kijiti, kikamponyoka, kikaviringika mpaka majanini. Wenzake wote walishapita alipokiokota. Alisimama pale katikati ya uwanja mkubwa, peke yake, akitazama upande wa jukwaa kana kwamba anauliza kama kuna haja.

"Kimbia, mama!" Madam alipiga kelele. "Kimbia!"

Akanitupia mfuko wake, akavua viatu, akaanza kukimbia mwenyewe kando ya kamba, kofia ikaruka, sketi imeshikwa kwa mikono miwili, watu wakimpisha na kushangilia. Msichana alimwona, akacheka, akaanza kukimbia kwa nguvu zote. Alimaliza wa mwisho. Madam, upande wetu wa kamba, alimaliza nyuma yake. Na nyuma ya Madam nilikuja mimi, mifuko miwili begani, viatu vyake mkononi, nikihema, siwezi kusema kwa kicheko.